Kasongo: kuchora nyumba na bustani kwa rangi za mafuta, kabla kivuli hakijahama

KASONGO. Mama mkubwa wangu alitoka upande wa Kabambare na vitu vitatu: sufuria, mkeka na ufunguo wa nyumba yake. Ndiyo namna watu wengi wa kule wamefika hapa miaka hii: usiku, kwa miguu, mtoto mgongoni, kila mtu na kile mkono wake ulichokamata. Sasa amepanga chumba kimoja katika parseli ya watu. Aliposikia kwamba mimi nilijifunza kuchora kule Lubumbashi, hakuniomba nimchore yeye, wala marehemu mume wake. Alisema tu: "Baba, unichoreye nyumba yangu pamoja na bustani. Nitaitundika pale." Akaonyesha ukuta, juu ya mkeka.

Nikaona ni kazi ndogo. Kisha siku mbili nikamletea tablo: nyumba ya majani, michikichi miwili, mto, mtumbwi, jua jekundu linazama. Picha ile wasomaji mnaijua, iko katika saloni nyingi kutoka Lubumbashi hadi Kalemie. Akaitazama, akanyamaza. Mwisho akasema: "Hii iko ya kalandari. Hii hapana kwangu. Kwangu jua halikuwaka vile."

Neno lile la jua ndilo lililonirudisha shule. Juu kuna watu, mbali na hapa na zamani, waliofanya kazi maisha mazima kwa swali hilo moja: jua linawaka namna gani juu ya nyumba hii, saa hii? Niliwasoma Lubumbashi kwa ajili ya mtihani, halafu nikawaacha. Nimewarudia kwa ajili ya mama mkubwa, na namna nilivyojifunza ndiyo ninayotaka kuwaeleza vijana wa Kasongo na Kabambare wanaoniuliza kila siku mahali pa kuanzia.

Wachoraji waliotoka nje

Tarehe 15 Aprili 1874, kundi la wachoraji lilifungua maonyesho yake mjini Paris, katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar. Claude Monet aliweka pale picha ya bandari ya Le Havre asubuhi, akaiita Impression, soleil levant. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, alilichukua neno lile la kwanza na kuwacheka nalo wote: Waimpresionisti. Jina likawashika mpaka leo, kama vile jina la utani linavyomshika mtu kwetu.

Walichokoseshwa ni nini? Walikuwa hawalainishi kazi yao. Alama ya brashi ilibaki inaonekana. Hawakuchanganya rangi mpaka ife. Waliweka bluu kando ya manjano na kuliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuchanganya. Kivuli hawakukipaka nyeusi. Na badala ya kukaa ndani na kuchora wafalme na vita vya kale, walitoka nje wakachora vitu vya karibu: njia, nyumba ya jirani, bustani ya mboga, mwanamke anaanika nguo.

Kutoka nje kuliwezekana kwa sababu ya kitu kidogo, tyubu. Mwaka 1841 mchoraji mmoja wa Marekani, John Goffe Rand, alipata hati ya tyubu laini ya madini yenye kifuniko. Kabla yake rangi ya mafuta iliwekwa katika kibofu cha nguruwe. (Kwa mji wenye Waislamu wengi kama Kasongo, kibofu hicho kingeleta shida nyingine kabisa.)

Lakini katika wote hao, mtu aliyenigusa zaidi si Monet. Ni Camille Pissarro, aliyezaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint-Thomas, huko Karibi. Mwaka 1870 alikuwa anakaa na familia yake katika kijiji cha Louveciennes, karibu na Paris, anachora nyumba na bustani za pale. Vita vya Ufaransa na Prusia vikafika. Akakimbia, mwisho akawa mkimbizi mjini London. Askari wakaingia katika nyumba yake wakakaa humo. Aliporudi mwaka 1871, kazi yake ya miaka karibu ishirini ilikuwa imeharibika, sehemu kubwa kabisa. Inasimuliwa kwamba askari walitandika picha zake chini katika matope ya bustani, wapite juu bila kuchafua viatu.

Alifanya nini? Alianza tena kuchora, kijiji kile kile, bustani zile zile.

Darasani niliandika tu mwaka na jina la kijiji, nikapata alama zangu. Watu wengi wanafikiri bustani za Waimpresionisti ni mambo ya matajiri wenye maua na amani. Ndiyo, Monet alipata utajiri baadaye. Lakini picha za bustani za Louveciennes za mwaka 1871 na 1872 zilichorwa na mtu aliyeporwa nyumba. Kwa watu wa Salamabila au wa bonde la Luama, hapo hakuna haja ya maelezo marefu.

Mawese hayakauki

Bon, tuje kwa kazi. Jambo la kwanza ni mafuta yenyewe, na hapa nitakiri ujinga wangu.

Tyubu za rangi ya mafuta Kasongo hazipatikani sokoni. Zangu chache nilizileta kutoka Lubumbashi, kwa treni hadi Kongolo na kisha kwa pikipiki. Zilipoanza kupungua nikajiambia: tuko Maniema, nchi ya michikichi, mafuta si yako hapa? Nikasaga udongo mwekundu, nikauchunga kwa kitambaa, nikauchanganya na mawese. Rangi ilitoka nzuri sana, inang'aa. Nikapaka ukuta wote wa nyumba katika picha. Wiki moja ikapita, bado mbichi. Wiki mbili, bado. Wiki ya tatu siafu waliikuta, na mimi nikaikuta baada yao.

Sababu ni hii. Kuna mafuta yanayokauka na kuna yasiyokauka. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, kama chokaa au kama nguo juani. Inakauka kwa kukamata hewa: oksijeni inaingia katika mafuta, inayafunga pamoja, yanageuka ngozi ngumu. Mafuta ya mbegu za kitani, yale Wafaransa wanaita huile de lin, yanafanya kazi hiyo vizuri. Mawese hapana: karibu nusu yake ni mafuta ya namna isiyoweza kufungwa na hewa. Yatabaki mafuta mpaka siku ya mwisho. Kwa sombe mawese ni mfalme, kwa tablo ni hasara.

Sasa ukikosa mafuta ya kitani unafanya nini? Unafanya kama wapentre wa Katanga walivyofanya siku zote: unanunua rangi ya milango na madirisha, ile inayoandikwa kwenye kopo peinture à huile. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947 na aliyechora historia yote ya nchi yetu katika picha zaidi ya mia moja, alifanya kazi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Hakungojea tyubu za Paris. Rangi ya kopo inakauka haraka, siku moja inatosha. Ubaya wake ni kwamba inatiririka, haishiki alama ya brashi. Dawa yake ni ndogo: usikoroge kopo. Mimina ule umajimaji wa juu kando, chota kwa kisu ile nzito ya chini. Hiyo itasimama.

Lakini fungua kopo dukani, mbele ya muuzaji. Mimi katika duka moja niliuziwa nyeupe iliyokwisha kuongezwa petroli. Ilipokauka ilipasuka kama udongo wa bwawa kiangazi.

Na jambo moja la usalama, juu nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa majani. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani ukikikunja na kukitupa pembeni kinaweza kupata joto chenyewe mpaka kiwake moto. Si uchawi, ni ile ile oksijeni. Kianike nje, kimetandazwa, au kitie katika maji.

Merikani na chokaa

Mifuko ya unga ya siku hizi imefumwa kwa plastiki, rangi haiishiki. Tafuta kitambaa cha pamba kisicho na rangi, merikani, kile kile ambacho misafara ya kutoka pwani ilikileta hapa Kasongo kwa marobota zamani za babu zetu. Kivute juu ya kadri ya mbao, anza na misumari ya katikati ya kila upande, halafu nenda pembeni. Kikilegea sasa, kitalegea zaidi majira ya mvua.

Mafuta hayatakiwi kugusa pamba moja kwa moja, juu yanaiozesha. Kwa hiyo paka kwanza ngao. Zamani ilikuwa gundi ya ngozi. Sisi tunaweza kutumia rangi nyeupe ya maji ya kuta za ndani, mara mbili, na kusugua kidogo katikati. Acha iwe nyeupe. Wachoraji wa zamani za Ulaya walianza juu ya ardhi ya kahawia. Waimpresionisti wengi walipenda nyeupe au rangi hafifu, ili mwanga urudi kutoka chini. Kama ukuta uliopakwa chokaa unavyofanya saloni iwe na mwanga hata taa ikiwa ndogo.

Bluu ya kwetu

Rangi sita zinatosha: nyeupe, manjano mbili (moja kali, moja ya udongo), nyekundu moja, bluu mbili. Nyeusi iache nyumbani. Kijani pia iache, utaitengeneza.

Kuhusu bluu, vumilieni kidogo, juu hapa kuna habari yetu. Bluu ya kobalti ilitengenezwa na mkemia Thénard huko Ufaransa mwaka 1802, na Waimpresionisti waliitumia sana. Kobalti yao ilitoka Ulaya. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kusini mwa Kongo hii, Kolwezi na jirani zake. Sehemu kubwa inakwenda katika betri, kidogo inakwenda katika rangi. Na iko bluu nyingine, wanaita céruléum, bluu ya anga ya asubuhi. Hiyo inapikwa kwa kobalti pamoja na bati. Ndiyo, bati ile wachimbaji wanaitoa chini ya ardhi ya Maniema tangu wakati wa Wabelgiji, Kalima na Punia na hata upande wetu huku. Katanga na Maniema ndani ya tyubu moja! Kisha unaiona Lubumbashi dukani, ya kigeni, bei yake ni ya mfuko wa mchele. Mimi ninayo moja, nimekwisha kuifinya mpaka shingo.

Ukikosa, bluu ya kopo na nyeupe nyingi na tone la manjano zitakupeleka karibu. Mama mkubwa hakutambua tofauti. Mimi nilitambua, lakini picha si yangu.

Saa ya kukaa chini

Monet alichora marundo ya majani makavu shambani, mwaka 1890 na 1891, kitu kile kile mara ishirini na zaidi, kila mara saa nyingine au majira mengine. Alikuwa na vitambaa kadhaa kando yake. Mwanga ukibadilika, anaweka kimoja chini na kuchukua kingine. Mtu anaweza kufikiri ni kichaa. Lakini kaa mbele ya nyumba moja ya Kasongo toka asubuhi mpaka jioni utaona nyumba sita.

Kwetu jua lina haraka kuliko la Ufaransa. Tuko digrii nne na nusu hivi kusini ya ikweta. Mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, saa sita ya mchana, jua linasimama juu ya kichwa kabisa: nguzo haina kivuli, baraza ni shimo jeusi, ukuta hauna sura. Saa hiyo kula, lala, osha brashi. Chora kutoka saa moja hadi saa tatu ya asubuhi, halafu tena kutoka saa kumi. Jioni usijidanganye: hapa usiku haubishi hodi, unaingia. Saa kumi na mbili unu nusu huoni tena tofauti ya nyekundu na kahawia.

Maana yake una saa mbili. Kwa hiyo kabla hujashika rangi, amua kivuli kiko wapi, kichore kwa mstari mwembamba wa bluu iliyoongezwa mafuta ya terebentini, na baada ya hapo usikifuate. Vijana wengi wanafuata kivuli: saa moja mti umetupa kivuli kushoto, saa tatu wamekisogeza, mwisho nyumba ina jua mbili.

Kuanza, funga macho nusu. Usione dirisha, usione mlango. Ona vipande vitatu: anga, nyumba, udongo. Kipi kina mwanga zaidi? Kwetu mara nyingi si anga. Ni udongo wa uwanja uliofagiliwa, au bati la paa. Paka vipande hivyo vitatu kwa rangi nyembamba, vyote, haraka, kitambaa kisibaki cheupe mahali. Tabaka la chini liwe konde, na matabaka ya juu ndiyo yapewe mafuta zaidi. Ukifanya kinyume, juu itakauka kabla ya chini na itapasuka.

Halafu ukuta. Mtu atakuambia ukuta wa udongo ni kahawia. Mwongo. Utazame: chini, karibu na uwanja, unakuwa mwekundu, juu udongo wa chini unautupia mwanga wake. Juu, chini ya paa, unakuwa baridi, karibu bluu. Katikati, jua linapoupiga, ni manjano yenye nyeupe. Paka kwa alama fupifupi, moja kando ya nyingine, usisugue. Bati bichi linachukua rangi ya anga. Bati la kutu linachukua rangi ya chungwa, na kando yake bluu ya anga inalia zaidi. Huo ndio ujanja wote wa watu wale: rangi inapata nguvu kwa jirani yake.

Majani ndiyo yanayoshinda watu. Anayeanza anapaka kijani moja kila mahali, picha inakuwa kama rangi ya tenki la jeshi. Lakini mwembe ukitoa majani mapya, hayako kijani, yako kama shaba nyekundu. Jani la mgomba likiwa na jua nyuma yake linawaka manjano. Likiwa na jua mbele linang'aa nyeupe-bluu. Sombe iko na kijani ya giza, na mashina yake mekundu. Lengalenga nyingine ni zambarau kabisa. Kwa hiyo bustani ya mboga ya Kabambare haina upungufu wa rangi mbele ya bustani ya maua ya Giverny.

Na kivuli cha mwembe juu ya udongo mwekundu? Zambarau. Nenda kaangalie kabla ya kunibishia.

Bustani ya Tongoni

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Kasongo akichora bustani hawezi kulikwepa.

Ukienda Tongoni, mahali pa mji wa zamani, utaona jina limesema yote: tongo, makao yaliyoachwa. Pale ndipo palikuwa na mji wa Tippu Tip na wa mwanawe Sefu. Mwaka 1893 Monet alinunua kipande cha ardhi kando ya nyumba yake ya Giverny achimbe bwawa la mayungiyungi. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule, tarehe 22, jeshi la Dhanis liliingia Kasongo. Daktari wao, Mwingereza Hinde, aliandika baadaye kitabu, na anaonyesha kwamba walishangaa: nyumba kubwa, mashamba ya mpunga na miwa, machungwa, makomamanga, mananasi. Bustani za kweli. Miaka hii wachunguzi wa mambo ya kale wamekuja kuchimba pale na kusikiliza wazee.

Hakuna aliyezichora bustani zile. Wapentre wetu walichora upande mwingine: Mwarabu na fimbo, mnyororo shingoni. Nao walikuwa na haki, juu machungwa yale yalimwagiliwa na nani? Watu walionunuliwa na kutekwa, wengine kutoka vijiji vya huku huku. Mtu akichora leo bustani ya Tongoni yenye jua na vivuli vya zambarau, nzuri kabisa, bila mtu ndani, amesema nini? Mimi bado nabishana na rafiki zangu. Mmoja anasema mti hauna dhambi. Mimi nasema mti hauna, lakini anayeuchora anachagua. Siku nitakapoichora, kutakuwa na mtu na ndoo.

Kwa upande mwingine, picha ya nyumba na miti ina nafasi katika familia nyingi za hapa ambazo hazipendi kutundika sura za watu au wanyama kwa sababu za dini. Nyumba na mti wanavikubali. Mzee mmoja aliyekataa picha ya Inakale ya mamba na simba na nyoka bila kufikiri, alikaa muda mrefu mbele ya kitambaa changu cha mazoezi, akaniuliza kama ule ni mwembe wa msikiti.

Tusisahau pia kwamba nchini kwetu picha ilianza juu ya nyumba yenyewe. Mwaka 1926 Mbelgiji Georges Thiry aliona kule Bukama, juu ya Lualaba huu huu unaotupita sisi, kuta za nyumba zilizochorwa, akamtafuta mchoraji, Albert Lubaki. Akampa karatasi na rangi za maji ili mvua isiendelee kuzifuta. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Kwa hiyo tukiisha kuchora nyumba juu ya kitambaa, hatujaiga kitu cha mbali kiasi hicho.

Ukumbusho

Sasa tatizo langu mnaliona. Mafundisho yote niliyoeleza yanasema: kaa mbele ya nyumba, tazama. Na nyumba ya mama mkubwa haifikiki. Njia si salama, na hakuna anayejua kama paa bado liko.

Tulifanya hivi. Tulizunguka mitaa ya Kasongo pamoja, asubuhi tatu, tunatafuta nyumba iliyo ndugu ya ile. Alikuwa anasimama, anatazama, anakataa. "Hii mlango unaangalia vibaya." "Hii haina baraza." Asubuhi ya tatu, nyuma ya soko, akakaa chini juu ya jiwe: bati la kutu, baraza la nguzo nne, ukuta umepakwa chokaa mpaka kiunoni. Mwenye nyumba akatupa viti na hakutuuliza pesa. Nikachora mwanga wa nyumba ile kwa asubuhi nne, saa moja na nusu kila mara, na yeye kando yangu ananisimulia bustani ya nyumba nyingine. Hapa lengalenga, mistari mitatu. Pale pilipili. Mpapai ulioinama. Jiko nyuma, moshi unatokea kushoto, "juu upepo wa kwetu unatoka Luama."

Mara mbili alinisahihisha mambo ambayo mwalimu wangu yeyote angenisahihisha. Kivuli cha baraza nilikifanya kizito, akasema: "Kivuli cha nyumba yangu unaweza kuona mtu ndani yake." Nikaongeza bluu, nikatoa kahawia. Alikuwa na haki. Na udongo wa uwanja niliufanya mwekundu mmoja, akasema hapana, asubuhi umekwisha kufagiliwa, una mistari ya ufagio. Nikachukua brashi kavu nikaivuta juu ya rangi mbichi. Ikawa.

Wapentre wa Katanga na wateja wao walikuwa na neno kwa picha ya namna hii: ukumbusho. Watu wa chuo kikuu waliandika sana juu ya neno hilo. Mama mkubwa hajui kama limeandikwa, lakini siku ya nne ndilo alilolisema kwa mwenye nyumba alipomuuliza tunafanya nini pale.

Picha bado haijatundikwa. Rangi ya juu ni nono, na mvua imeanza, itachukua wiki kadhaa. Nimeisimamisha katika chumba changu, uso kwa ukuta, sababu ya vumbi na watoto. Amekuja kuiona mara mbili. Mara ya mwisho alisema kuna mchungwa nimeusahau, upande wa kuume wa njia, na wakati alipoondoka ulikuwa na matunda. Manjano yangu kali imekwisha. Nimemtuma mtu wa Kindu anitafutie.